Mimba inakuwa mtu lini? Ulinganisho wa misimamo kwa anayetaka kuchagua

Mwanamke mwenye mimba akivuka kwa miguu kutoka Tunduma kwenda Nakonde, mwendo wa dakika chache kama foleni ya malori haijaziba njia, anaingia kwenye sheria nyingine kabisa. Zambia ina sheria ya mwaka 1972 inayowaruhusu madaktari watatu kukubaliana kusitisha mimba ikiwa inahatarisha uhai au afya ya mama, ya mwili ama ya akili, au afya ya watoto alionao tayari. Upande wetu wa Tanzania, Kanuni ya Adhabu inamwekea anayetoa mimba kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Ukishukia Kasumulu na kuvuka mto Songwe kwenda Malawi, mambo yanafanana na ya kwetu. Kenya nao, kwenye ibara ya 26 ya Katiba yao ya 2010, wametamka wazi kwamba uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 14, inasema kila mtu anayo haki ya kuishi. Huyo mtu ameanza lini, haisemi.

Kwa hiyo anayetaka jibu lazima alitafute mwenyewe, na wapo ambao hawawezi kulikwepa: mwanafunzi wa uuguzi anayeanza zamu wodi ya wazazi, mzee wa kanisa anayeitwa kwenye nyumba ambayo mimba imetoka, mke na mume waliopewa habari nzito baada ya altrasaundi. Nimewaandikia hao. Mabishano ya kijiweni yana wataalamu wake. Hapa nauliza jambo moja kwa kila msimamo: ukiushika kweli, utakudai nini?

Kwanza, hesabu ya wiki

Watu hubishana saa nzima kumbe kila mmoja ana kalenda yake. Wiki zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yai na mbegu hukutana kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mapigo yanayoonekana kwenye altrasaundi "wiki ya 6" ni ya kiinitete cha wiki nne hivi, na shehe akisema siku 120 tangu mimba kutungwa, kadi inasoma wiki ya 19. Wiki nitakazotaja kuanzia hapa ni za kwenye kadi, isipokuwa nikisema vinginevyo.

Tangu kutungwa

Huu ndio msimamo unaosikika zaidi huku Nyanda za Juu Kusini, ambako misheni zilifika mapema (Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891) na hospitali nyingi za vijijini bado ni za makanisa. Nguvu yake ni kwamba hauna ubaguzi. Hauulizi kijusi kina ukubwa gani, kinaweza kufanya nini, wala kama kuna anayekitaka. Kibaiolojia pia una mahali pa kusimama: ndani ya siku moja tangu mbegu iingie kwenye yai kunakuwa na mchanganyiko mpya wa vinasaba, si wa baba wala wa mama, na kuanzia hapo ukuaji ni mfululizo. Waumini huongezea Zaburi ya 139 na Yeremia 1:5.

Ugumu wake unaanza kwenye baiolojia hiyo hiyo. Mpaka kama siku ya 14 tangu kutungwa, kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikawa mapacha wa kufanana. Kama alikuwa mtu mmoja siku ya tatu, siku ya kumi alikwenda wapi? Uingereza, kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock mwaka 1984 iliichukua siku hiyo ya 14 kuwa kikomo cha kufanyia utafiti viinitete maabara, na mwaka 1990 ikawa sheria. Halafu kuna upotevu. Katika mimba ambazo mama ameshajua anazo, asilimia 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na nyingine hutoka hata kabla hajajua. Anayetetea msimamo huu ana jibu, na si jibu dogo: zamani watoto wachanga walikufa kwa wingi wa kutisha, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa wanakufa sana basi hawakuwa watu.

Wanaodhani Kanisa Katoliki halijawahi kusogea hapa wasome tena historia. Kwa karne nyingi wanateolojia wake, Thomas Aquinas akiwemo, walimfuata Aristotle kwamba roho ya kibinadamu huingia baadaye, siku ya 40 kwa mvulana na zaidi ya hapo kwa msichana. Papa Sixtus V alikaza adhabu kwa hatua zote mwaka 1588, Gregory XIV akarudisha tofauti ya hatua 1591, na Pius IX akaiondoa 1869. Utoaji mimba wenyewe walikuwa wakiukataa muda wote huo. Kilichobadilika ni uzito wa kosa kwa kila hatua. Na tamko la Vatikani la mwaka 1974 halikudai kuijua saa ya roho kuingia. Lilisema shaka peke yake inatosha kukuzuia. Mwindaji akiona kichaka kinatikisika na hajui kama ni mnyama au mtu, hafyatui risasi. Kwangu hii ndiyo hoja bora ya upande huu, bora kuliko ile ya vinasaba, kwa sababu haijifanyi inajua.

Sasa deni. Sheria za Kanisa, kanuni ya 871, zinataka kijusi kilichotoka kikiwa hai kibatizwe kadiri inavyowezekana. Maana yake nesi wa hospitali ya misheni, usiku, mama anavuja damu, achote maji kwenye kikombe na kumwagia kiumbe kinachoenea kiganjani huku akitamka maneno ya ubatizo. Yupo anayefanya hivyo na ninamheshimu sana, kwa sababu anaishi anachokisema. Wengi wetu tunaosema "ni mtu tangu kutungwa" hatumwiti mchungaji kwa mimba ya wiki tisa. Hatutangazi msiba, na mama mwenyewe tunamwambia "pole, utapata mwingine". Ukichagua mstari huu, maneno hayo yafute kinywani.

Kuna na P2, vidonge vya dharura ambavyo kila duka la dawa Mwanjelwa, hapa Mbeya, linavifahamu. Ushahidi uliopo unaonesha kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisipevuke, na mimba iliyokwisha kujishikiza havitoi. Aliyeko kwenye mstari huu asiharakishe kumwita aliyevimeza muuaji.

Siku 120

Kwa Waislamu mjadala una hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo kwenye mikusanyo ya hadithi za Mtume ya Bukhari na Muslim: siku arobaini tone, arobaini pande la damu, arobaini pande la nyama, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Jumla 120. Ipo hadithi nyingine kwa Muslim inayotaja usiku 42, na wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi namna ya kuzisoma pamoja.

Kosa la kawaida, hasa kwa sisi tunaotazama kutoka nje, ni kudhani kabla ya siku 120 ni ruksa. Katika madhehebu ya sheria, Wamaliki wengi wanakataza tangu mwanzo. Baadhi ya Wahanafi waliruhusu kabla ya hapo kukiwa na udhuru. Kwa Washafi, ndio wengi hapa kwetu, maoni yanatofautiana, na mwanazuoni wao Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba ni kosa tangu kutungwa na kosa hilo linazidi uzito kila hatua. Baada ya roho kupulizwa wanakubaliana: haramu, isipokuwa uhai wa mama uwe hatarini.

Ninachokipenda katika utaratibu huu ni kwamba umejibu maswali ya kazi. Aliyesababisha mimba itoke kwa kumpiga mama hulipa fidia, sehemu moja ya ishirini ya diya, yaani malipo ya damu, ya mtu kamili. Baba akifa, fungu la urithi la kilichomo tumboni hutengwa mpaka kizaliwe. Kikitoka baada ya miezi minne kinaoshwa, kinavikwa sanda na kuzikwa. Kuhusu kusaliwa bila kuonesha dalili ya uhai kuna khitilafu. Kwa hiyo hata kabla ya kuitwa mtu kamili kina haki zake na kina thamani. Wakristo wenzangu tungefaidika kuwa na utaratibu ulio wazi namna hii.

Wiki hiyo ya 19 inaangukia karibu kabisa na wakati mama wa mimba ya kwanza anapoanza kusikia mtoto akicheza, wiki ya 18 hadi 20. Aliyekwisha kuzaa huwahi. Sheria ya zamani ya Waingereza nayo iliweka mstari kwenye kucheza kwa mtoto. Udhaifu wa kucheza kama kipimo ni kwamba kinampima mama. Kijusi kimekuwa kikijigeuza wiki nyingi kabla yeye hajahisi.

Kuhisi maumivu

Hapa nitapita haraka. Wapo wanaosema mtu anaanza pale anapoweza kuhisi, na wanaweka wiki ya 24 hivi, wakati njia za neva zinapounganika na gamba la ubongo. Baadhi ya wanasayansi wanadhani hisia fulani zinaweza kuwepo mapema zaidi. Hata ng'ombe anahisi, kwa hiyo kuhisi kunaweza kukuambia usiumize, lakini hakukuambii huyu ni nani.

Anapoweza kuishi nje ya tumbo

Mahakama Kuu ya Marekani iliutumia mstari huu mwaka 1973 ikakaa nao karibu miaka 50, mpaka ilipouacha Juni 2022. Na sisi tunao bila kujua. Kifungu cha 219 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kumuua mtoto kabla hajazaliwa, kinaichukulia mimba ya wiki 28 kuwa ushahidi wa kutosha, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto aliweza kuzaliwa hai. Wiki hizo 28 zilitoka kwenye sheria ya Uingereza ya 1929. Waingereza wenyewe mwaka 1990 walishusha kikomo chao cha kusitisha mimba hadi wiki 24. Kwetu 28 imebaki.

Ingia wodi ya kangaroo uone namna mstari huu unavyoteleza. Ni Julai, baridi ya Njombe inapenya madirisha. Mama ameketi akiegemea mto, kitenge kimemkaza kifuani, na ndani ya kitenge kuna mtoto njiti wa kilo moja na kidogo, amevaa nepi na kofia ya sufi tu, shavu lake limelala kwenye ngozi ya mama. Mrija mwembamba umebandikwa kwa plasta pembeni mwa pua. Nesi anashika juu bomba la sindano lisilo na sindano, maziwa yaliyokamuliwa yanashuka yenyewe taratibu. Hasukumi. Akisukuma mtoto atapaliwa. Mama haondoi macho kwenye bomba mpaka tone la mwisho.

Mtoto huyo yuko hai kwa sababu ya kifua, kitenge na nesi anayejua kutosukuma. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kutolewa mwaka 2021, ulionesha kwamba njiti wa kati ya kilo 1 na 1.8 walioanza kubebwa kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa robo pungufu kuliko waliosubiriwa kwanza watengemae. Sasa chukua mtoto wa wiki 26. Akizaliwa kwenye hospitali ya rufaa Mbeya, yenye oksijeni na wataalamu, ana nafasi fulani. Akizaliwa zahanati ya mbali huko Makete, mvua imekata barabara, nafasi hiyo inayeyuka. Marekani wamepona hata wa wiki 21. Je, utu wake ulikuwa kwenye barabara? Ulikuwa kwenye mtungi wa oksijeni? Kwa daktari mstari huu una maana, unamwambia ajaribu nini. Kama jibu la nani ni mtu, ndio wa kwanza ningeutupa.

Kuzaliwa

Kifungu cha 204 cha Kanuni hiyo hiyo kinasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa pale anapotoka mzima mzima mwilini mwa mama akiwa hai, awe amepumua au la, kitovu kiwe kimekatwa au la. Ni maneno makavu na yana faida ya ukavu wake: hakimu anahitaji tukio linaloweza kushuhudiwa. Mkunga aliona, saa iliandikwa. Serikali nayo humpa jina na cheti baada ya hapo. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kuwaandikisha watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulizinduliwa hapa hapa Mbeya mwaka 2013. Anayependa Biblia atataja Mwanzo 2:7, pumzi puani.

Lakini tuisome sheria yetu yote kwa pamoja. Kifungu cha 150 kinaadhibu kutoa mimba kwa hatua yoyote, na kinasema hata kama mwanamke kumbe hana mimba, kwa sababu kinaadhibu nia. Kifungu cha 219 kinaweka wiki 28. Kifungu cha 204 kinangoja kuzaliwa. Mwanamke mjamzito hahukumiwi kunyongwa, mimba iwe ya wiki ngapi. Kifungu cha 230 kinamwondolea kosa daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Juu ya yote hayo, mwaka 2007 tuliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambao ibara yake ya 14 inataja kubakwa, mimba ya maharimu na afya ya mama kuwa sababu za kuruhusu kusitisha mimba, na Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa kuifuata. Anayesema "sheria ya Tanzania inasema mtu anaanza siku fulani" hajaisoma. Kila kifungu kiliandikwa kwa kazi yake: kimoja kuwazuia watoa mimba, kingine kuziba mwanya kati ya mimba na mauaji, kingine kumpa jaji mahali pa kuanzia kesi.

Udhaifu wa kuzaliwa kama mstari unauona wodini kwa macho. Njiti wa wiki 30 aliyeko kwenye kitenge ni mtu kisheria. Wa wiki 39, kilo tatu na nusu, kitanda cha pili, bado. Umbali wao ni hatua nne.

Utu unaokua

Msimamo huu haupewi nafasi kwenye mijadala ya redio, ingawa ndio tunaouishi. Mwanafalsafa wa Nigeria Ifeanyi Menkiti aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra nyingi za Kiafrika mtu hazaliwi amekamilika. Anafanywa mtu na jamaa zake, kwa jina, kwa malezi, kwa wajibu anaoubeba, na akatoa mfano kwamba msiba wa mtoto mchanga hauliliwi kama wa mzee.

Mazishi ya namna hiyo yapo. Niliyoyaona Rungwe yalifanywa na wanawake peke yao, asubuhi mapema, nyuma ya nyumba kwenye migomba, shimo fupi, khanga moja. Wanaume walikaa uani hawakuitwa. Hakuna aliyepika chakula cha wageni. Mtu asidhani hapakuwa na uchungu: bibi aliyefukia alibonyeza udongo kwa viganja vyote viwili kisha akakataa kuinuka, wakamngoja.

Faida ya msimamo huu ni kwamba unakubali tunachokijua tayari: mimba ya wiki tano iliyotoka na mtoto wa wiki 38 aliyezaliwa mfu si msiba mmoja, na wala ya kwanza si kitu bure. Hatari yake ni kubwa lakini. Kama utu unaongezeka, hauishii kuongezeka siku ya kuzaliwa, na basi kichanga wa wiki mbili ni nusu mtu, na mlemavu asiyeweza kubeba wajibu tutamwitaje? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Menkiti kwa kusema kwamba heshima ya binadamu haitokani na alichotimiza. Jamii inaweza kumkuza mtu lakini haimpi ubinadamu wake. Naona Gyekye ana haki. Anayechagua utu unaokua lazima atangulize ukomo: kuanzia kuzaliwa hakuna daraja tena, wote sawa.

Kesi tatu, ubavu kwa ubavu

Mimba ya wiki tisa imetoka yenyewe. Aliyeko kwenye kutungwa anadaiwa msiba kamili. Wa siku 120 hana mazishi ya faradhi, ana heshima ya kufukia. Wa kuishi nje na wa kuzaliwa hawana la kusema kabisa, na hapo ndipo wanaponichosha, kwa sababu mama analia. Wa utu unaokua ana huzuni isiyo na sherehe, na akiwa mvivu huzuni hiyo inageuka kuwa kunyamaziana.

Mtoto wa wiki 38 amezaliwa mfu. Hapa misimamo yote, ukiacha wa kuzaliwa, inakutana: alikuwa mtu, azikwe, apewe jina kama wazazi wanataka. Sheria kavu ya kifungu cha 204 inabaki peke yake, na hata hakimu aliyeitumia asubuhi atakwenda msibani jioni.

Mimba imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Haiwezi kufika popote, na mrija ukipasuka mama atakufa kwa damu. Hapa karibu wote wanaruhusu matibabu, Wakatoliki kwa hoja ya kwamba anayetibiwa ni mama na mrija wake, Waislamu kwa dharura, sheria kwa kifungu cha 230. Kama kuna anayekuambia msimamo wake unamzuia kumpeleka mke wake theatre, amekosea kuusoma.

Mstari peke yake haumalizi ubishi

Wengi huchagua mstari wakidhani wamemaliza na suala la kutoa mimba. Mwaka 1971 Judith Jarvis Thomson wa Marekani alijenga hoja yake kwa kukubali kwanza kwamba kijusi ni mtu kamili, kisha akauliza kama mtu yeyote ana haki ya kutumia mwili wa mwingine bila ridhaa yake. Upande wa pili Don Marquis, mwaka 1989, alipinga utoaji mimba bila kuhitaji kusema kijusi ni mtu: inatosha, alisema, kwamba kimenyang'anywa maisha yote ambayo kingeyaishi. Kwa hiyo unaweza kuweka mstari mapema ukabaki na maswali kuhusu binti aliyebakwa, na unaweza kuuweka mwishoni ukabaki unapinga.

Mimi nimeegemea kwa Ghazali na Gyekye wakishikana mikono: thamani ipo tangu mwanzo na inazidi uzito, sababu ya kuigusa mimba nayo lazima izidi uzito kadiri wiki zinavyokwenda, na baada ya kuzaliwa mizani inawekwa chini. Najua kinachonigharimu. Siwezi kukuonesha wiki ambayo nyepesi inageuka nzito, na asiyevumilia hali hiyo atapata usingizi zaidi kwenye kutungwa. Kwa muumini ambaye imani yake imekwisha kumpa mstari, swali lililobaki ni kama anaulipia deni lake lote au anachagua sehemu tamu.

Mke na mume wanaweza kuwa na mistari miwili chini ya paa moja, hasa mmoja akiwa amelelewa kanisani na mwingine msikitini. Hawalazimiki kukubaliana falsafa. Wakubaliane mambo mawili mapema: mimba ikitoka, nani aambiwe na izikwe wapi, na mtoto akiwahi sana, ahangaikiwe mpaka wapi. Kwenye hudhurio la mwezi wa tano waulize kliniki kituo hicho kinaweza kumhudumia njiti wa kilo ngapi, na usiku gari la wagonjwa linatoka wapi. Damu ikianza kutoka, wiki yoyote ile, mama aende hospitali hapo hapo: kutibiwa baada ya mimba kuharibika ni huduma halali, na anayemhudumia ana kazi ya kuzuia damu kwanza, maswali ya falsafa yatasubiri mapokezi.